Kaza Koo: Kiu Iliyompokonya Esnah Akili Shambani

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujaondoka juu ya mikaratusi ya Boito, na mbele ya stoo ya mashine wanawake wanashikana wawili wawili. Hakuna majina yanayoitwa. Kila mmoja anamjua wake. Huyu anainua mashine upande wa injini, mwenzake anainua upande wa pili, mtu wa tatu anatupia begani begi refu la kupokea majani, na safari ya kupanda mlima inaanza kwa vicheko na umbea wa jana.

Esnah Kemunto amesimama kando ya ukuta. Amevaa buti, amefunga aproni ya plastiki kiunoni, na leso ameikaza kichwani. Yuko tayari kuliko wote. Kila wanawake wawili wakipita anainua uso, anajaribu kutabasamu, na ghafla wao wanakumbuka kuchungulia tangi la petroli.

Mashine zinaisha. Watu nao wanaisha. Uwanjani anabaki yeye peke yake.

"Mama Janeffer, chukua jembe," anasema msimamizi, Bwana Gichana, bila kugeuza shingo.

Anachukua jembe. Anashuka nalo polepole kuelekea kwenye miche, ambako wazee na wagonjwa hupelekwa kupalilia.

"Kila siku nakuja na buti za mashine," anamwambia mwandishi huyu njiani. "Najua watanipatia jembe. Lakini nikija na viatu vya jembe, si nitakuwa nimekubali?"

Esnah ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa upande wa Kisii, akaolewa akiwa msichana na mfanyakazi wa shamba hili la chai katika Konoin, kaunti ya Bomet, na tangu hapo hajui kazi nyingine. Mumewe alifariki kwa kifua. Yeye akabaki na chai, na binti yake Janeffer, na nyumba ya kampuni yenye chumba kimoja na jiko. Siku ikiwa nzuri alikuwa akipata chini ya shilingi mia tano. Kwa hizo ndogo Janeffer amefika kidato cha tatu.

Sasa ameambiwa hivi: mwisho wa mwezi ufike akiwa na mwenzake wa mashine, au arudishe buti, aproni na ufunguo wa nyumba.

Msomaji ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo atauliza, mwenzake wa nini? Ni hivi. Siku hizi mashamba makubwa hayachuni tena kwa vidole. Mashine ni ya watu wawili, mmoja kila upande wa mstari wa chai, na kati yao kuna meno marefu ya chuma yanayonyoa majani juu ya vichaka na kuyapuliza ndani ya begi. Mwenye upande wa injini ndiye anayebana kishikio cha kuongeza kasi. Huwezi kuibeba peke yako hata ukiwa na nguvu za ng'ombe.

"Bila mwenzako wewe si mchunaji," Esnah anasema. "Wewe ni mtu tu amevaa buti."

Mwenzake alikuwepo. Anaitwa Phelis Moraa. Walishika mashine moja kwa miaka, na kabla ya mashine kuja walichuna kwa mikono mstari kwa mstari, vikapu mgongoni. Walizika waume zao wakiwa wameshikana mikono. Huyu akipika chapati, yule anatuma mtoto na sahani.

Mwezi wa pili mwaka huu, mashine iliyokuwa mikononi mwa Esnah ilikata vidole vitatu vya Phelis.

Hiyo ndiyo sababu hakuna anayetaka kumwangalia usoni.

Lakini kisa hiki hakikuanzia kwenye mashine. Kilianzia kwenye choo.

Katika sehemu hiyo ya shamba choo ni kimoja, nyuma ya banda la kupimia majani, ng'ambo ya bonde. Mtu akitoka juu mlimani kwenda huko na kurudi, mashine imelala muda wote huo, na watu watatu wamepoteza kilo zao za majani, ambazo ndizo wanazolipwa. Kujisaidia kati ya chai nako ni marufuku, maana majani yanauzwa ng'ambo na wakaguzi ni wakali. Mwanamke akishikwa anapewa barua ya onyo, na jioni kambi nzima inajua ilivyokuwa na alivyochuchumaa. Wanaume wana njia zao. Wanawake wana aibu zao.

Kwa hiyo wanawake wa chai walijitungia dawa yao: hawanywi maji. Asubuhi ni kikombe cha turungi, chai isiyo na maziwa, nusu kikombe kwa waoga, na kipande cha kiazi. Kisha basi, hadi jioni. Msichana mgeni akija kazini na chupa, wakubwa wanamwambia maneno mawili ambayo kila mwanamke kambini anayajua: kaza koo.

"Mimi ndiye nilimfundisha Phelis," Esnah anasema. Anaacha kupalilia. "Siku ya kwanza alikuja na chupa ya lita mbili, bibi harusi mdogo, mzuri. Nikamwuliza, wee msichana, hiyo yote utaimwaga wapi? Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake hakuja na chupa."

Jamani, hebu tutafakari. Hii ni nchi ya mvua. Alasiri ikifika mawingu yanakusanyika, mito inanguruma kila bonde, na majani ya hapa yanachemshwa katika nyumba za watu ambao hawajui hata Boito ni jina la mahali au la mtu. Na wanaoyachuna wanashinda na ndimi kavu kwa kuogopa mkojo! Mwandishi huyu amekunywa chai ya mlima huu maisha yake yote na hakuwahi kuuliza.

Baridi nayo inadanganya. Ukiwa juu ya mlima, upepo unapiga, mwili haukuambii kuwa umekauka. "Baridi hii, kiu ya nini?" ndilo jibu utakalopewa na kila unayemwuliza. Wakati huohuo mtu amevaa aproni ya plastiki, amebeba chuma kinachotetemeka, anapanda mteremko. Jasho linatoka chini ya nguo na kwenda zake kimyakimya.

Kiangazi cha Januari na Februari ndicho kibaya zaidi. Jua linawaka waziwazi, lakini desturi ni ileile.

Nyumbani, wa kwanza kuona kitu alikuwa Janeffer, binti wa miaka kumi na sita, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa jambo.

"Mama alikuwa watu wawili," anasema. "Kulikuwa na mama wa Jumatatu na mama wa Sabato."

Familia hii ni ya Waadventista. Jumamosi hawafanyi kazi. Wala maji hayatekwi siku hiyo, kwa hiyo Ijumaa kabla jua halijatua mitungi yote hujazwa hadi juu. Jumamosi Esnah anakwenda kanisani, anarudi, anakula, anakunywa vikombe viwili vitatu vya maji kwa sababu yapo na kwa sababu choo kiko hapo nyuma ya nyumba. Jioni anaimba. Anamsuka Janeffer nywele. Anauliza habari za shule na kuzisikiliza.

Jumatatu jioni aliingia mtu mwingine. Kichwa kinamuuma kama kimefungwa kamba. Mlango ukigongwa anapiga kelele. Anasahau sufuria motoni, kisha anamlaumu mtoto. Siku moja alisahau jina la mama yake mzazi, akakaa kitandani akalia.

"Nilikuwa nagombana hata na mwiko," Esnah mwenyewe anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Usiku nikilala najiuliza, huyu mwanamke mbaya ametoka wapi?"

Janeffer alijifunza. Akihitaji kitu, daftari au ruhusa, alingoja Jumamosi. Aliamini, kama walivyoamini wote, kuwa ni baraka ya Sabato inayomtuliza mama yake.

Kanisani nao waliamini hivyo, na hapo ndipo shida ilipozidi. Akina mama wa maombi walimweka katikati, wakamwekea mikono, wakamwambia roho ya hasira haitoki ila kwa kufunga. Nia yao ilikuwa njema na hakuna wa kumtupia jiwe. Akafunga. Na kwa kuwa alitaka sana kuwa mtu mwema, alifunga kavu: hakuna chakula wala tone la maji hadi jua litue, siku za kazi, mwezi wa pili, jua likiwaka.

Jumanne alimaliza. Jumatano akafunga tena.

Jumatano alasiri kijiti kikavu kilinasa kwenye meno ya mashine. Sheria inasema zima injini kwanza. Lakini injini ikiwa moto haiwaki upesi. Unavuta kamba mpaka bega linalegea, na majani ya wenzako yanazidi yako. Kwa hiyo wanawake wana mtindo wao. Injini inaachwa ingurume taratibu, mwenye upande wa kishikio anatulia kabisa, na mwenzake anatia mkono upesi na kukitoa kijiti. Esnah na Phelis walifanya hivyo mara zisizohesabika.

Mazoea yana taabu, walisema wazee. Walikuwa wamezoea.

"Watu wanafikiri sikuuona mkono," Esnah anasema. Sasa ameketi chini, jembe limelala magotini. "Niliuona. Niliuona mpaka lile kovu aliungua na uji. Nikauangalia kama mtu anaangalia picha ya kalenda kwa ukuta. Sikuwa na hasira naye. Sikuwa na kitu chochote kwa kichwa. Halafu huu mkono wangu ukabana."

Anaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, anautazama, anauficha chini ya aproni.

Phelis alipelekwa Longisa, kwenye hospitali kubwa, na huko walijitahidi, lakini vidole havikuwa vya kurudishwa. Esnah mwenyewe alianguka palepale kati ya chai. Wengi walidhani ni mshtuko. Alipofikishwa zahanati alikuwa hajui ni siku gani, na mkojo wake, walipoupata baada ya chupa mbili za maji ya mshipa, ulikuwa na rangi ya turungi.

Aliyemhudumia ni tabibu aitwaye Mbuthia, mzaliwa wa Murang'a aliyehamia huku zamani. Ni mtu wa maneno machache, na alikubali kuzungumza baada ya Esnah kumpa ruhusa.

"Nilimwuliza, mama, mara ya mwisho kunywa maji ni lini? Akaniambia jana jioni, kama jambo la kawaida. Nikamwuliza, na siku nyingine? Akasema, jioni."

Mbuthia anaeleza kuwa mwili hauhitaji kukauka sana ndipo kichwa kiharibike. Mtu wa kilo sitini akipungukiwa na lita moja na kidogo tu, umakini wake unaanza kushuka. Anachelewa kuamua, anasahau, anakosea vitu ambavyo anavijua. Kichwa kinauma, na moyo unajaa hasira au huzuni isiyo na sababu. Kiu yenyewe huchelewa kuja, na mwenye mazoea ya kuikandamiza huweza asiisikie kabisa.

"Siwezi kuapa kuwa ni kiu iliyokata vidole vya yule mama," anasema. "Uchovu ulikuwepo, njaa ilikuwepo, na ile mashine haikuzimwa. Lakini wanawake wa chai wanakuja hapa na vichwa vinauma, wanakojoa kwa maumivu, wanalia bila sababu. Nawapa vidonge. Nawaambia wanywe maji. Wananiangalia kama mtoto."

Kuhusu mama wa Sabato na mama wa Jumatatu, tabibu huyo alitikisa kichwa muda mrefu. "Dawa ilikuwa kwenye mtungi," alisema.

Esnah aliposikia hayo hakufarijika. Wengi wangefarijika, wangesema kumbe si mimi, ni maji. Yeye ilimuuma zaidi.

"Kama ni pepo, ningesema ni pepo," anasema. "Sasa ni kikombe cha maji, kikombe tu! Mtoto wangu amelelewa na mwanamke mkali miaka yote hiyo kwa sababu ya kikombe cha maji. Na Phelis... Ee Nyasae, Mungu wangu."

Mwandishi huyu alitaka kusikia upande wa kampuni. Ofisa mmoja, aliyeomba asitajwe, alisema maji yapo kwenye mabanda ya kupimia, vyoo vipo, na mfanyakazi yuko huru kwenda wakati wowote. Huru! Mtu aliyeambiwa kilo zake ndizo mshahara wake, unamwambia yuko huru. Kina mama wanakumbuka kuwa kuna wakati choo cha plastiki cha rangi ya buluu kililetwa mlimani kwa gari. Wakaguzi walikuja, wakakipiga picha, wakaenda zao. Choo nacho kikaenda zake.

Phelis Moraa hakai mbali. Mchana huo alipatikana sokoni Boito, akiwa amekaa nyuma ya mafungu ya nyanya. Anapanga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuweka mapajani, umefunikwa kwa leso.

"Watu wanataka niseme namchukia Esnah," alisema. "Wanakuja hapa wananunua nyanya moja ndio waniulize. Simchukii. Mimi nilitia mkono kwa mashine inanguruma. Hiyo pia ni akili?"

Je, naye alikuwa na kiu siku hiyo? Alimtazama mwandishi huyu kana kwamba ameulizwa kama alikuwa na pua.

"Nani hakuwa na kiu?"

Kisha akachukua nyanya moja, akaifuta.

"Lakini asije kwangu. Akija analia. Nachoka kumbembeleza mtu, na ni mkono wangu ndio umekatwa. Nimemwambia Janeffer amwambie mama yake apumzike kuja."

Kuna jambo moja zaidi ambalo Phelis alilisema akiangalia pembeni. Ili familia yake isitolewe katika nyumba ya kampuni, kazi yake imechukuliwa na binti yake, Nelvine, mwenye miaka ishirini na mmoja. Alikuwa amemaliza shule akingoja nafasi ya chuo cha ualimu. Sasa anangoja mtu wa kushika naye mashine, maana kila mtu ana wake na hakuna anayetaka mgeni wa kumchelewesha.

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha, jioni, mlango wa Esnah uligongwa. Mwandishi huyu alikuwa ndani, kikombe mkononi. Janeffer alifungua. Nelvine akaingia na buti zake mpya, akasimama karibu na mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Hakuketi. "Mama, kesho nataka nishike mashine na wewe."

Esnah alimwangalia kama ameongea lugha nyingine. "Mama yako anajua uko hapa?"

"Ni yeye amenituma."

Janeffer aliyekuwa akiosha vyombo aliacha maji yatulie.

"Amesema hivi," Nelvine akaendelea, akikaza sauti kama mtu aliyekariri njiani. "Amesema kama ni lazima nishike hiyo mashine, nishike na Mama Janeffer, kwa sababu kambi hii yote ni wewe pekee unaiogopa."

Esnah alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Hapo palikuwa na kila kitu alichokiomba kila asubuhi kando ya ule ukuta: mwenzake, kazi yake, nyumba, karo ya Janeffer, na neno la Phelis ambalo hakuthubutu kulitarajia. Kilikuwa kimesimama mlangoni mwake na buti mpya. Ilibaki aseme ndiyo.

"Mama," Janeffer akanong'ona, "sema."

"Umekunywa maji leo?" Esnah akamwuliza Nelvine.

Msichana akainamisha kichwa. "Kule juu utaenda wapi, mama?"

"Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo tu."

Esnah akasimama, akamshika mikono, akaigeuza huku na huku akivitazama vidole, kimoja kimoja.

"Mwambie mama yako nimeshukuru. Mwambie nimeshukuru sana, Mungu anajua," akasema. "Lakini mimi nikipanda pale juu, choo bado ni kilekile, mlima ni uleule. Nitakunywa asubuhi, nitajikaza mchana, alasiri nitakuwa tena yule mtu. Sitajua ameingia saa ngapi. Kwako siwezi. Kwa mtu mwingine labda ningejidanganya. Kwako siwezi, mwanangu."

Nelvine alitoka bila kuaga. Janeffer alitupa sahani kwenye karai, akamwambia mama yake kwa sauti ambayo si ndogo hata kidogo: "Sasa tutalala wapi?" Mwandishi huyu aliona aibu ya kuwa pale na kikombe.

Mwisho wa mwezi Esnah alirudisha buti, aproni na ufunguo. Upande wa Kisii, nyumbani kwa marehemu mumewe, shemeji yake alishalima hadi mlangoni, hakuna pa kurudi. Alikodi chumba cha mabati nyuma ya soko, anafua nguo za watu kwa vibarua vya siku. Janeffer amekosa muhula huu. Anakaa na shangazi yake upande wa Soin na, kwa mujibu wa mama yake, hapokei simu ila Jumamosi.

Nelvine alipata mwenzake. Ni mwanamke mwenye haraka sana, anayesifiwa kwa kilo.

Mwandishi huyu alirudi Boito wiki chache baadaye, akamkuta Esnah alfajiri kwenye njia panda, wanawake wanapokata kona kuelekea stoo ya mashine. Alikuwa na jerikeni ya maji yaliyochemshwa na vikombe vinne vya plastiki juu ya kigoda. Hauzi. Anagawa.

"Ngozi imerudi," anasema, akijigusa shavu. "Sasa nakunywa kama ng'ombe. Kichwa kimekuwa safi, hasira hakuna. Lakini nikwambie kitu? Zamani nilikuwa naukumbuka ule mkono kama kitu cha ndoto. Sasa akili imerudi, nauona vizuri, kila kidole. Silali."

Wanawake walipita wawili wawili. "Mama Janeffer, na choo umekuja nacho?" mmoja akamtania, na wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Wengine walimsalimia, wakashukuru, wakaviacha vikombe kama vilivyo. Mmoja alikunywa funda moja kwa heshima, akatazama mlima, akakirudisha kikombe juu ya kigoda. Jerikeni ilibaki imejaa.

Nelvine alipita karibu na mwisho, mwenzake akimvuta mkono kuwa wanachelewa. Alisimama. Alipokea kikombe kwa mikono miwili kama mtoto aliyefunzwa adabu, akakipeleka mdomoni. Esnah alilitazama koo lake.

Msichana alisukutua mdomo, akatema maji kando ya njia, akarudisha kikombe.

"Asante, mama," akasema, na akapanda mlima.

Esnah alikifuta kikombe, akakirudisha juu ya kigoda. Alipoulizwa ana mpango gani sasa, aliangalia juu ambako injini zilikuwa zimeanza kuwashwa.

"Nitakuja kesho," alisema. "Na kesho kutwa nitakuja. Siku huyo mtoto atameza, hata kikombe kimoja tu, hiyo siku mimi nitalala."